Jina la Thelathini na Moja

Picha ya Ndege, Kibaha
9 Februari 2025

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakula, maana ukisoma na njaa unaruka mistari. Sisi tupo. Mama anakusalimu. Vitumbua vyake vinaisha kabla ya saa mbili asubuhi siku hizi. Mguu wake wa kushoto bado unavimba akisimama sana, lakini ukimwuliza atasema hauumi, kwa hiyo usimwambie kuwa nimekuandikia. Mimi nimeanza kidato cha tatu. Mwaka jana nilimaliza wa nne darasani. Ningekuwa wa tatu kama si ile siku ya kusoma insha mbele ya wenzangu. Nilisimama, Mjomba. Sauti ndiyo iliyobaki kwenye kiti.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu Yasinta, anayetufundisha jiografia, ametupa kazi ya mwaka mzima. Kila mmoja achore ramani ya mahali anapopajua kwa miguu yake, bila kutazama simu. Kwanza nilitaka kuchora ule uwanja wa hapa mtaani ulioniona nikijifunzia baiskeli. Haupo tena. Kuna ukuta na fremu kumi na moja za maduka. Zamani nilikuwa nakatiza pale kwenda shule kwa hatua 340. Sasa nazunguka kwa hatua 1,112. Nilijikaza nikamwuliza mjumbe wetu wa mtaa.

"Shikamoo. Uwanja uliuzwa lini?"

"Uliuzwa."

"Na nani?"

"Na wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Binti, wewe si unachelewa shule?"

Na kweli nilikuwa nachelewa. Lakini tangu siku hiyo najiuliza: kitu cha watu wote kinapouzwa, huwa kinauzwa saa ngapi? Mbona hakuna aliyekuwepo?

Kwa hiyo nimeamua kuchora msitu wa Mikongoni. Huko nimetembea kila likizo nyuma ya Bibi Tunu, Mungu amrehemu, naye akikata ukindu wa mikeka na mimi nikiokota mabungo. Naikumbuka njia, lakini majina yamenitoroka. Pale penye jiwe panaitwaje? Chemchemi ni ya nani? Kutoka mwanzo wa msitu hadi kwenye maji ni hatua ngapi? Nakuomba uzihesabu kwa hatua zako, mimi nitazipunguza ziwe zangu.

Swali la mwisho ni dogo. Kwenye nguzo ya umeme karibu na stendi wamebandika tangazo jipya: "Viwanja Kurui, Kisarawe. Msitu wa asili, chemchemi, hewa safi." Kurui kuna misitu mingapi yenye chemchemi? Mimi naujua mmoja.

Mpwa wako,
Raudha


Kurui, Kisarawe
4 Machi 2025

Mpwa wangu Raudha,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimekula, ila mkazamjomba wako Maua alikuwa bado, akanilazimisha nimsomee kwa sauti mara mbili huku akimenya mihogo. Aliposikia habari ya sauti iliyobaki kwenye kiti alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Barua ilikaa kwa Seifu wa bodaboda siku kumi na moja. Anasema aliisahau chini ya siti. Nimemwambia siku nyingine aisahau juu ya siti. Na wewe usije ukachoka ukaanza kupiga simu. Simu yangu ni ya misiba, habari nyingine zote zinastahili karatasi.

Tumeshaanza kufunga. Mikorosho imepona ule ugonjwa wa majani. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha, mmoja amekufa.

Nimetembea njia yako. Nilikwenda alfajiri nikiwa na kijiti, kila hatua mia nakata alama. Mwanzo wa msitu, pale penye jiwe jeusi lenye kimo cha mbuzi, panaitwa Jiweni. Ukishuka hatua 410 unafika Kwa Chatu, ingawa hakuna mtu aliye hai aliyemwona chatu huyo. Hatua 260 zaidi unakuta miti mitatu mikubwa ya mikongo iliyosimama kama mafiga, hapo ni Mafigani. Halafu njia inapinda kushoto, inateremka, na baada ya hatua 530 unayasikia maji. Chemchemi inaitwa Kisima cha Wali, kwa sababu wali, yaani wasichana waliotoka unyagoni, walikuwa wanaogeshwa hapo asubuhi ya kutolewa nje. Umeuliza ni ya nani. Sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo.

Kuna kitu hukukiuliza, nami nakupa cha ziada. Unakumbuka kamba pale Jiweni, iliyofungwa kutoka kwenye mti hadi kwenye mti? Kila anayeingia msituni anachana ukindu, anafunga fundo lake kwenye kamba ile. Akitoka analifungua. Jioni, anayepita wa mwisho anaitazama kamba. Ikiwa tupu tunakwenda kulala. Likibaki fundo tunachukua mienge. Mwaka aliozaliwa mama yako lilibaki moja, na hivyo ndivyo alivyookolewa mzee mmoja aliyevunjika nyonga kule Mafigani. Wazoefu hawahitaji hata kuulizana nani yumo ndani, maana kila mtu ana fundo lake. La bibi yako lilizungushwa mara tatu na mkia ukarudishwa ndani. Nadhani alikufundisha.

Kuhusu tangazo, nguzo za umeme zinabeba mengi. Soma, usijali.

Mjomba wako,
Mwishehe


Picha ya Ndege, Kibaha
16 Machi 2025

Shikamoo Mjomba,

Safari hii sisemi kama umekula, maana ni mfungo. Nasema tu natumaini umepata daku la maana. Mwambie Mkazamjomba kuwa nilisikia kicheko chake mpaka huku.

Asante kwa hatua. Nimezichora kwa penseli kwanza. Mwalimu Yasinta aliposoma habari ya kamba aliweka chaki chini akaniuliza, "Kwa hiyo msitu una daftari la mahudhurio?" Nikasema ndiyo. Akasema darasa zima linafaa kulisikia jambo hilo. Nikasema hapana. Akaniacha.

Fundo la Bibi nalijua. Nimelifunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, Mama akalikuta. Hajalifungua.

Mjomba, ulihesabu hatua 1,200 na ukaandika habari ya chatu ambaye hayupo. Swali langu la mwisho ulilipa mstari mmoja. Nimejaribu kukaa kimya, nimeshindwa. Mwalimu ana kijitabu kinachoeleza sheria ya ardhi za vijiji. Nimekisoma chote. Kinasema ardhi ya pamoja, kama misitu na malisho, haipewi mtu mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukae, yaani watu wazima wote waitwe, waambiwe, waulizwe, na majibu yao yaandikwe. Je, huko kwenu mkutano huo ulikaa? Wewe ulikuwepo? Nani alisema nini? Siulizi kwa ubishi. Nataka kujua inavyokuwa siku hiyo, kwa sababu siku ya uwanja wetu hakuna aliyeiona.

Mama atakuja huko Idi kuzuru kaburi la Bibi. Nimemwomba apige picha karatasi yoyote iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji. Ameniuliza karatasi gani, nikamwambia zote.

Mpwa wako,
Raudha


Kurui, Kisarawe
4 Aprili 2025

Raudha,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Mama yako amefika salama na anaondoka salama, barua hii anayo yeye. Nimempa mihogo na korosho zilizokwisha kubanguliwa. Korosho ni zako, usigawe darasani. Mguu wake nimeuona mwenyewe, hukunisingizia.

Kaburi la bibi yako tumelipalilia. Mkazamjomba wako anaumwa jino.

Huku Mikongoni watu wa vipimo wamepita, wameacha bikoni nyeupe, vile vinguzo vya mipaka. Wanawake wanalalamika, kama kawaida ya wanawake. Mengine tutazungumza ukija likizo. Usisome sana kwenye mwanga mdogo.

Mwishehe


Picha ya Ndege, Kibaha
12 Aprili 2025

Shikamoo Mjomba,

Mama alipelekwa na Seifu mpaka barabara kuu, amefika akiwa na vumbi na furaha. Pole ya jino kwa Mkazamjomba. Korosho sijazigawa. Nimekula saba tu.

Nimeandika barua hii mara nne. Hii ni ya tano.

Mama alipiga picha kumi na mbili. Nyingi ni za chanjo ya kuku. Tatu ni za muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wa tarehe 12 Januari mwaka huu, unaosema wanakijiji walikubali kwa kauli moja kuutoa Mikongoni kwa kampuni ya viwanja. Chini yake kuna orodha ya waliohudhuria, watu sitini na nane. Mama hakuisoma. Hana miwani, na alipiga kwa sababu nilimwomba.

Nimezikuza picha kwenye simu yake mpaka herufi zikawa kubwa kama vidole. Muhtasari umepigwa chapa. Orodha imeandikwa kwa mkono. Kila tarakimu ya 7 imevalishwa mkanda katikati. R zote zimenyoosha mguu wa mbele kama mtu anayevuka mfereji. Mimi pia naandika R hivyo, kwa sababu mwaka niliokuwa darasa la pili kuna mtu alinishika mkono akanifundisha, likizo nzima, kwenye sakafu ya baraza kwa kipande cha mkaa.

Jina la thelathini na moja ni la Bibi Tunu. Mbele yake kuna alama ya dole gumba.

Mjomba, tulimzika Bibi mwezi wa nane mwaka jana.

Nina swali moja tu, na naliuliza kwa heshima zote. Bibi alihudhuria vipi?

Sijamwonyesha Mama wala Mwalimu.

Raudha


Picha ya Ndege, Kibaha
11 Mei 2025

Shikamoo Mjomba,

Mvua hapa imepungua. Mama amenunua sufuria kubwa zaidi. Kila Jumamosi natazama kama kuna mtu ameleta barua kutoka Kisarawe, halafu narudi kumenya nazi.

Tangazo la stendi limebadilishwa. Sasa limeandikwa "Vimebaki vichache."

Kwenye ramani yangu nimechora njia yote, lakini majina nimeyafuta. Sikujua kama bado yanaruhusiwa.

Bado sijawaonyesha.

Raudha


Kurui, Kisarawe
25 Mei 2025

Mpwa wangu Raudha,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hizo ni za barua zako tatu, maana hata ile ya Machi sikuijibu sawasawa.

Nimekula. Keti chini usome.

Unajua kuwa kijiji hiki kinanipa kalamu. Akifa mtu, mimi ndiye naandika majina ya waliotoa rambirambi. Akiolewa mtu, mimi ndiye naandika kadi. Baba yangu aliniacha na shamba dogo na mwandiko mzuri, na kwa miaka thelathini mwandiko umenipa heshima ambayo shamba halikunipa. Mwezi wa sita mwaka jana tuligawiwa salfa ya kupulizia mikorosho. Niliandika orodha ya waliokuja kuchukua. Bibi yako alikuja kwa miguu yake, akaweka dole gumba, akanitania mbele ya watu kuwa nimemwandika kwa herufi ndogo ilhali yeye ndiye aliyenizaa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, mwenyekiti wetu Amiri na mtendaji waliniita ofisini. Wakanipa orodha ile ya salfa na karatasi mpya.

"Mwishehe, tunakilie hii vizuri. Mwandiko wako unasomeka."

"Ya nini?"

"Ya kumbukumbu."

Juu ya karatasi mpya palikuwa pameshapigwa chapa maneno ya mkutano mkuu. Niliyasoma. Usije ukafikiri sikuyasoma. Hakuna mkutano uliokaa tarehe ile, Raudha. Tarehe ile watu wote walikuwa mashambani wanapalilia.

Nikaanza kuandika. Nilipofika jina la thelathini na moja nilisimamisha kalamu. Nikamwambia Amiri, "Huyu ni marehemu." Akasema, "Andika tu, nani atasoma?"

Nikaandika. Kwa herufi kubwa.

Ningependa kukuambia kuwa nililiacha jina lile kwa makusudi, ili siku moja mtu alione na kuuliza. Lingekuwa jibu zuri, na wewe ungeniamini. Nimejiuliza tangu barua yako ya Aprili ifike, na sijui. Labda nilishindwa tu kumruka mama yangu. Labda mkono ulikuwa umeshazoea kutii. Dole gumba si langu. Hilo tu naweza kukuapia.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Wiki mbili zilizopita kampuni imeweka kizuizi Jiweni, gogo limelazwa juu ya panda mbili, na mlinzi amekaa. Mkazamjomba wako na wenzake walikwenda kukata ukindu. Mlinzi akawaambia hapapitwi. Maua akamwuliza, "Wewe umezaliwa lini?" Akamjibu ameajiriwa. Kisha akachomoa kisu akaikata kamba ya mafundo, maana ilikuwa inamsumbua kichwani akipita. Siku ile walikuwemo wanawake wawili ndani, walioingia alfajiri mlinzi akiwa bado hajafika. Mafundo yao yalilala chini kwenye vumbi na jioni hakuna aliyejua kama wametoka. Tuliwatafuta kwa mienge. Tukawakuta kwao wanakula, walikuwa wametokea upande wa mto. Hakuna aliyecheka.

Wanawake wamekwenda kwa Amiri wakadai mkutano mkuu, mkutano wa kweli. Ameitisha Jumamosi tarehe 14 Juni. Karatasi ya mlangoni imeondolewa, na mtendaji anasema haikuwahi kuwepo. Mama yako aliipiga picha. Nakuomba uitolee nakala kubwa, inifikie kabla ya siku hiyo.

Maua hajui kuwa orodha ni mwandiko wangu. Hajui kusoma, na kwa miaka yote mimi ndiye ninayemsomea. Nitamwambia usiku huu. Nimemwogopa yeye kuliko mkutano.

Mjomba wako, kama bado,
Mwishehe


Picha ya Ndege, Kibaha
30 Mei 2025

Shikamoo Mjomba,

Bado.

Nakala hizi hapa, tatu, za karatasi kubwa. Nilikwenda steshenari ya karibu na stendi. Kulikuwa na foleni, na yule kaka akauliza kwa sauti, "Hii ni orodha ya nini?" Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Ni ya watu ambao hawakuulizwa." Nilisema kwa sauti ya kusikika, sijui ilitoka wapi. Akanitolea nakala ya tatu bure.

Nimemwonyesha Mama. Nilimsomea jina la thelathini na moja, nikamwambia mwandiko ni wa nani. Aliyaacha mafuta ya vitumbua mpaka yakaanza kutoa moshi. Kisha akasema, "Kaka yangu na kalamu yake." Akaniambia nikutumie nakala haraka.

Mjomba, mkutano utakuwaje? Utasimama au utasoma ukiwa umekaa? Mimi kusimama ndiko kunakonishinda. Ukipata njia nzuri ya kusimama, niambie.

Raudha


Kurui, Kisarawe
16 Juni 2025

Mpwa wangu Raudha,

Marahaba. Mkazamjomba wako anakusalimu. Kwa siku ishirini hakuzungumza nami ila kwa habari za mbuzi, lakini kuanzia juzi jioni ananiita kwa jina.

Mkutano ulikaa kwenye ghala la korosho. Watu walijaa mpaka mlangoni. Amiri alifungua, akasoma ajenda tatu: zahanati, chanjo ya kuku, mengineyo. Mikongoni haikuwemo. Nikanyoosha mkono kwenye mengineyo, nikasimama. Umeuliza njia ya kusimama. Hakuna. Unaogopa hivyo hivyo na unasimama.

Nikasema, "Nina orodha ya waliokubali kuutoa Mikongoni tarehe 12 Januari. Nitaita majina. Aliyekuwepo aitikie."

Amiri akasema, "Mwishehe, kaa chini, hiyo si ajenda."

Maua akajibu kutoka nyuma, "Mwache aisome. Si yeye aliyeiandika?"

Hivyo ndivyo watu walivyojua, kabla sijasema mwenyewe. Nafikiri alinisaidia. Nafikiri pia aliniadhibu. Nikaanza.

"Namba moja, Halidi Mkumbwa."

"Nipo! Lakini Januari nilikuwa kitandani na mguu wangu kwenye plasta, hata chooni nilibebwa. Nilifika mkutanoni kwa ndege?"

Watu wakacheka. Namba ya pili akasema alikuwa shambani. Ya tatu akasema, "Mimi nilikuja kuchukua salfa, sikuja kuuza msitu!" Hapo kicheko kikaisha, maana kila mtu alikumbuka aliweka sahihi wapi. Nikaendelea kuita. Ya kumi, ya ishirini. Wengine walijibu hapana, wengine walisimama tu wakatikisa kichwa. Mtendaji alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikafika.

"Namba thelathini na moja. Tunu binti Mwishehe."

Mwishehe huyo ni babu yangu niliyepewa jina lake. Hakuna aliyeitikia. Kuku alikuwa anaparura nje, nikamsikia. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mwite kwa nguvu, kaburi liko mbali!" Mama yake akampiga kofi. Nikaita mara ya pili. Nilijua hataitika, lakini nilikuwa nimemwandika, na aliyeandika jina lazima aliite.

Mzee Halidi akasema, "Hata hili aliyeliandika ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulijua amekufa?"

"Maji ya kumwoshea niliyachota mwenyewe Kisima cha Wali. Nilijua."

"Umemuuza mama yako kwa kalamu ya kuazima, Mwishehe."

Nikasoma majina thelathini na saba yaliyobaki nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nisingesimama tena.

Kura zilipigwa kwa mikono. Hakuna hata mmoja aliyekubali msitu utolewe. Amiri naye alinyoosha mkono upande wa wengi, mtu wa ajabu yule. Muhtasari mpya uliandikwa hapo hapo. Hawakunipa mimi. Aliandika Seifu wa bodaboda, kwa herufi kama mende waliokanyagwa, na kila mtu alikwenda mezani kuandika jina lake mwenyewe au kuweka dole lake mbele ya wote. Tulitoka karibu na magharibi. Nakala zimepelekwa wilayani leo asubuhi pamoja na picha zako. Wilaya imesema itatuma watu. Bikoni bado zipo, na bango la kampuni bado lipo. Lakini mlinzi ameondoka na gogo lake, na jana wanawake walifunga kamba mpya. Nilipita jioni nikaitazama. Ilikuwa tupu. Wote walitoka.

Leo amezikwa mtu hapa jirani. Nilikwenda na kalamu mfukoni, kwa mazoea. Daftari la rambirambi alikuwa nalo mtu mwingine. Nimekaa na wazee wenzangu, nimekunywa uji, nimerudi.

Likizo yako ndiyo hii. Njoo na ramani.

Mwishehe


Picha ya Ndege, Kibaha
13 Julai 2025

Shikamoo Mjomba,

Nimefika salama na shule imefunguliwa. Mama amekubali kwenda hospitali kuonyesha mguu, kwa hiyo zile kelele zako zimesaidia. Mwambie Mkazamjomba mkeka alionipa umeenea kitandani kwangu sawasawa.

Tulitembea siku nne pamoja na hatukuzungumza habari ya orodha hata mara moja. Nilikuwa na maswali kumi na tisa kwenye daftari langu. Siku ya kwanza pale Jiweni ulifunga fundo lako, mimi nikafunga la Bibi, mara tatu na mkia ndani. Ulilitazama, ukatangulia. Nikafunga daftari. Siku ya mwisho, tulipotoka, uliniambia nilifungue mwenyewe kwa sababu aliyelifunga ni mimi. Mikono yangu haikutaka haraka. Nashukuru ulingoja.

Hatua zangu kutoka Jiweni hadi kwenye maji ni 1,486. Ramani imekamilika. Mwalimu Yasinta ameniomba niieleze mbele ya darasa Alhamisi, na nimekubali. Nitaanza na kamba. Wakiniuliza msitu ni wa nani, nitawaeleza jinsi majina yalivyoitwa.

Nimechora ramani ya pili kwa ajili ya kijiji. Mkazamjomba alisema ibandikwe mlangoni pa ofisi, mahali palepale, na mwenyekiti Amiri hakubisha. Imo ndani ya barua hii, nimeikunja mara nne, samahani kwa mikunjo. Njia ipo, jiwe lipo, mikongo mitatu ipo, chemchemi nimeipaka bluu. Majina sijayaandika. Jiweni, Kwa Chatu, Mafigani, Kisima cha Wali, na mengine manne uliyonitajia tukiwa njiani. Pembeni ya kila mahali nimepiga mstari mwembamba wa penseli na kuuacha wazi.

Mwandiko wangu haufai kwa kazi hiyo, nao wa Seifu umeuona. Watu wa wilaya wakija watahitaji kusoma.

Kalamu nyeusi nimeifunga pamoja na barua. Andika wewe, Mjomba.

Mpwa wako,
Raudha